Mwenye Nyumba Kwanza, Kitanda Baadaye

Mwanangu, ile alasiri niliyoshuka melini pale gati la Homa Bay naikumbuka mpaka leo. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, nami nilikuwa na viatu vipya vinavyonibana na kichwa kilichojaa upepo. Nakuhadithia kwa sababu unakwenda Mombasa kutafuta kazi bandarini, na swali ulilonijia nalo ni moja tu: hoteli gani nzuri ya kufikia? Nilijiuliza swali hilohilo nikiwa na umri kama wako, nikalijibu vibaya, na jibu lile likaninyima mke.

Wakati huo nilikuwa nimeposa. Msichana aliitwa Achieng, alilelewa na mjomba wake kule Magunga, na mara ya kwanza nilimwona kwenye mkutano wa kanisa, akiimba sauti ya pili huku amefumba macho. Nilimpenda, sioni haya kusema. Baba alikuwa amekwisha kupeleka ng'ombe, na kesho yake shangazi yangu, aliyekuwa mshenga wetu, angefika mjini kupanga siku ya harusi na mama yake Achieng. Mama huyo alikuwa mjane, akifanya biashara hapo Homa Bay. Biashara gani, sikuuliza. Sura yake pia sikuijua, na hilo halikuwa ajabu, maana kwetu Wajaluo mama mkwe huheshimiwa kwa umbali. Kijana hali chakula mbele yake wala halali naye chini ya paa moja. Hata leo, pamoja na elimu yenu yote, jaribu uone.

Shangazi alinitumia neno mapema, tena mara mbili. "Ukishuka, nenda moja kwa moja kwa mzee Okoth, fundi wa baiskeli nyuma ya soko. Ni mtu wa ukoo wetu. Mji ule una mkwe wako, na Okoth ndiye anayejua njia ya kupita na isiyopitwa." Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini guu langu mimi lilikuwa ndani ya kiatu kipya, nikadhani halivunjiki.

Nilikwenda, nisikudanganye. Nilifika mpaka kona, nikaiona nyumba ya mzee: udongo mtupu, minyororo ya baiskeli imetundikwa ukutani, na mkeka umeanikwa juani, bila shaka ule niliotayarishiwa mimi. Nikajisemea, bwana harusi alale hapa, kisha aamke akinuka grisi? Nikageuka, nikidhani mzee hajaniona. Wahenga wametuonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mimi niliacha mkeka pamoja na mwenyewe.

Karibu na gati palikuwa na nyumba ya wageni iliyopakwa chokaa, milango yake ya buluu. Nilichungulia chumba kimoja nikaona kitanda cha chuma chenye springi, godoro nene la pamba, na kioo ukutani. Ah, kile kioo! Nilijitazama humo nikaona karani. Mwenye nyumba alikuwa mama mnene, mpole, leso kichwani. Nilimwamkia kwa Kiswahili, eti mtu wa mjini, maana Kijaluo changu cha kwetu Muhuru kingenifichua mara moja.

"Kitanda iko, bwana," akanijibu. "Wewe ni mtu ya wapi?"

"Kisumu, mama. Mimi ni karani wa reli. Naitwa Bwana Joseph."

Mwanangu, hakuna aliyenilazimisha. Mimi nilikuwa Owuor wa Muhuru, na kazi yangu ilikuwa kuanika omena, dagaa wa ziwani, na kufukuza kuku wasiidonoe. Niliona tu kwamba kitanda kama kile kinataka mtu mkubwa, nikajikuza.

Kabla jua halijazama aliniletea samaki, ngege wa kuchemsha, na kuon, ule ugali wetu wa mtama, akaketi mlangoni kunisubiri nishibe. Akauliza tena, "Joseph wa nani? Baba yako ni nani huko Kisumu?" Aliuliza kwa wema. Mama wa Kijaluo hawezi kumlisha mtu bila kumtafutia ukoo wake, pengine ni mtoto wa dada yake. Mimi nikacheka, nikasema watu wa reli hawana ukoo. Alinitazama kidogo, akachukua sahani akaenda zake. Nililala fofofo, na chumba chake kilikuwa ukuta kwa ukuta na changu.

Asubuhi nilikuwa nimekaa ukumbini na fulana tu, nakunywa chai, mama yule ananikatia mkate, mara shangazi akaingia. Alikuwa ameteremka basi la alfajiri, na alikuja kumwamkia mwenye nyumba kwanza, kama adabu inavyotaka. Aliponiona alishika kichwa.

"Wuololo! Owuor! Unafanya nini hapa kwa mkweo?"

"Owuor gani?" mama akauliza. "Huyu ni Joseph, karani ya Kisumu."

Shangazi akaninyoshea kidole. Kisu cha mkate kikabaki mkononi mwake. Kisha akajifunika uso kwa leso, akageuka ukutani. Mimi nilitoka mbio na fulana yangu, viatu nimevishika mkononi, na miguu yenyewe ikanipeleka kwa mzee Okoth. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilitoka gatini ikaishia nyuma ya soko.

Mzee hakunipigia kelele. Alinipa shati lake, akaendelea kuziba tyubu. Baadaye akasema, "Jana nilikuona pale kona. Nilijua utarudi, ila sikujua utarudi bila shati." Akapaka gundi kwenye tyubu. "Nyumba yangu ni mbaya, Owuor, najua. Lakini hapa kila mtu anakujua wewe ni nani, na hakuna anayekutaka uwe mkubwa kuliko ulivyo. Ulifikiri unakimbia udongo. Ulikimbia jina lako." Nililia, mwanangu, mtu mzima mwenye ndevu changa, nikilia juu ya baiskeli ya mtu.

Mchana wajomba wa Achieng, waliokuja kwa mipango ya harusi, walikaa na shangazi. Wao hawakuwa wakali. Walisema kijana hakujua, achinjwe kondoo, nyumba isafishwe, mambo yaendelee. Nilipopata habari nilishukuru Mungu, nikaanza hata kutabasamu. Ndipo mama mkwe akaleta neno lake kupitia shangazi, na neno hilo naweza kulitaja lote hata sasa.

"Kulala nyumbani kwangu bila kujua ni bahati mbaya, na bahati mbaya ina dawa yake. Lakini nilimwuliza mara mbili ni mtu wa wapi na wa nani. Nilimlisha, naye akaninyima jina. Siku binti yangu akiugua huko anakompeleka, nitamtafuta kwa nani? Kwa karani wa Kisumu? Ng'ombe warudi kwao."

Wakarudi wote, pamoja na ndama aliyezaliwa Magunga. Baba aliwapokea zizini. Achieng aliolewa upande wa Kendu, na nasikia aliendelea kuimba. Majuto ni mjukuu, na mimi nimeishi na mjukuu huyo muda mrefu kuliko nilivyoishi na nyie wajukuu zangu. Nilipokwenda kumposa huyu unayemwita nyanya, kabla sijakaribishwa kiti nilitaja jina langu, la baba yangu na la babu yangu, na kwamba kazi yangu ni omena. Walicheka sana. Wakanipa binti yao.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukifika Mombasa usianze na godoro wala feni, wala picha za vyumba zilizopigwa kwa ujanja. Anza na mtu. Tafuta wa kwenu anayeujua mji, umwulize nyumba ile ni ya nani, akina nani wanalala humo, na wenyewe wanaheshimu nini. Kuuliza si ujinga. Ukikosa wa kwenu, lala hotelini, hakuna ubaya, mimi si adui wa springi. Lakini hata hapo taja jina lako lote na unakotoka, hata kama chumba ni kidogo na mkoba wako umechakaa. Godoro bovu litakuumiza mgongo siku moja mbili, kisha utahama. Jina ulilolificha mlangoni hutalirudishia heshima yake kwa kondoo wala kwa ng'ombe.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie barabarani, akupe mwenyeji kabla ya kitanda, na kila asubuhi uamke mahali wanapokuita kwa jina lako mwenyewe.