Link ya sauti ya bibi ilivyogoma Bunda

Wakuu, salaam. Nawapa hili kama lilivyotokea. Wa kuita chai, yaani hadithi ya kutunga, aite, mimi nilikuwepo.

Niko Musoma, Kamunyonge, kazi yangu ni code. Ukoo wetu niliutengenezea app ndogo ya kuhifadhi sauti za wazee, sababu wazee wanaondokaga na maneno yao.

Sasa, Bibi Nyangeta yupo Kiriba. Masikio yamechoka, kwenye simu hasikii kitu. Mdogo wake, tunamwita Bibi Mdogo, yupo Bunda kwa shangazi. Akaambiwa afanyiwe upasuaji wa tumbo, akagoma katakata.

"Sipasuliwi mpaka dada aniambie nenda."

Na hali inazidi kuwa mbaya, shangazi ananipigia analia.

Nikaenda Kiriba kurekodi. Asubuhi, ziwa limetulia, bibi kakaa mlangoni anaiongelesha simu yangu kwa Kijita. Anauliza kitu, ananyamaza, anaangalia maji. Anauliza tena, ananyamaza. Sikumkatisha. Hata mimi nilikuwa kama nimesinzia macho wazi.

Nikarudi home, nikapandisha sauti kwenye server, nikajaribu kwa simu yangu, inacheza safi. Nikapanda gari ya Bunda.

Kule nikafungua app kwenye simu ya shangazi, nikabonyeza. Kimya. Kiduara kinazunguka tu.

Bibi Mdogo akanitazama. "Dada kakataa kuongea na mimi?"

Jamani, niliumia.

Nikachomoa laptop, nikasoma response ya API, yaani jibu ambalo server inairudishia app. Lahaula! Sauti ipo server, ila link iliyorudishwa ina anuani ya laptop yangu kwenye wifi ya nyumbani. Ndiyo maana Kamunyonge ilicheza: simu na laptop zilikuwa wifi moja, na nakala ya sauti ilikuwepo kwenye laptop pia. Ukitoka pale, ile anuani haikufikishi popote.

Nikarekebisha. Database ibaki na njia ya faili tu, anuani kamili iungwe na server kwa domain inayofikika popote.

Nikabonyeza tena. (Nawawekea Kiswahili.)

"Mdogo wangu, umeamkaje?"

Halafu kimya. Nikajua imekata tena, mkono ukaenda kwenye simu. Bibi Mdogo akanichapa kofi mkononi.

"Subiri kwanza, nimjibu!"

Akajibu. Dada akauliza ng'ombe, akajibu. Akauliza kama anakula, akajibu (hapo alidanganya kidogo). Kwetu husalimii mtu bila kumpa nafasi ya kuitikia, na kila swali lilikuwa na nafasi yake. Mimi nilijiona niko mlangoni Kiriba, nao wawili wanaongea, maji yametulia.

Mwisho dada akasema, "Nenda kwa daktari. Utakuja lini?"

"Nikipona, dada." Akamgeukia shangazi. "Niletee viatu."

Fundisho wakuu: API ikirudisha link, iwe anuani ambayo aliyeiomba anaweza kufika. Na ijaribu ukiwa nje ya wifi yako, sio kitandani kwako.

Nyie mnaziungaje link zenu? Waliowahi kupigwa na hili waseme, tusichekane.

Bibi Mdogo kashatoka hospitali. Jumapili nampeleka Kiriba, akamwitikie dada yake ana kwa ana.