Bega la Kulia la Minoru

Saa mbili asubuhi, mjini Stockton, Rosalva Quintanar anamkata mtu bega. Kisu kinapita taratibu kwenye sponji ngumu, kisha msasa, kisha anarudi nyuma hatua mbili na kuguna.

"Mama Harusi, bibi harusi wa leo mbona hana kichwa?" fundi wa taa anamtania Rosalva.

"Hao wenye vichwa niliowavisha, wangapi walivitumia?"

Rosalva, 58, alishona magauni ya harusi miaka thelathini. Sasa makumbusho ya kaunti yanamlipa dola 26 kwa saa achonge viwiliwili kumi na kimoja, vivalishwe sare za vijana wa hapa waliokwenda vitani wasirudi: wa asili ya Japani, Mexico, Ufilipino, Weusi, hata Singasinga mmoja. Onyesho linafunguliwa Jumamosi.

Jana nusura apoteze sare moja. Bi Teruko Nakashige, 95, alikuja kuliona koti la kaka yake Minoru, aliyeuawa Italia mwaka 1944. Alilitazama, akanyoosha mkono kulidai.

"Huyu si kaka. Nipe koti langu niende zangu."

Koti lilikuwa limeinama upande wa kulia. Rosalva alidhani ni uzee wa sandukuni, akajaza pamba mpaka mabega yakawa sawa.

"Mkono wa fundi huo, hauvumilii kitu kilichopinda," anasema. "Niliona aibu, jamani!"

Kumbe Minoru alibeba makreti ya nyanya tangu ana miaka kumi, bega la kulia likashuka. Ndivyo alivyoingia kambini kuwaaga wazazi, wao wamefungiwa na serikali nyuma ya seng'enge kwa sababu tu asili yao ni Japani, nchi iliyokuwa adui vitani, yeye kavaa sare ya serikali hiyohiyo. Koti moja alimwachia mama amtilie bitana mpya. Bitana ikatiwa, mwenyewe hakurudi kulichukua.

Leo Bi Teruko amekuja tena. Rosalva anakivalisha koti kiwiliwili alichokikata bega asubuhi, bega linashuka, mfuko unaning'inia. Bibi anakifungua kifungo cha juu.

"Shingo ilikuwa ikimwasha," anasema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Haya, kaka. Umechelewa."

Anamgeukia Rosalva. "Koti linabaki, binti yangu."

Lakini kati ya wale kumi na mmoja wako wawili, Fermin Dacanay na Lucious Pettaway, ambao ndugu zao hawajapatikana. Hao amewachonga kwa kipimo cha kawaida tu, na jambo hilo linamnyima raha.

"Jumamosi nitakaa karibu yao, kisu na msasa mkobani," anasema. "Akipita mtu akaniambia mjomba hakusimama hivyo, namrekebisha hapohapo, wageni wakitazama."

Na asipotokea mtu?

"Nitakuja na Jumapili."