Jina la Mama Wangeci

Enzi zetu mjini Nyeri, miaka ile ya tisini, mwanamke akishapata mtoto wa kwanza, jina lake mwenyewe lilikuwa limekwisha kazi. Ploti yetu ya mbao kule Ruring'u, vyumba vya kupanga kuzunguka ua mmoja, ilikuwa na Mama Njeri, Mama Ndirangu na Mama Pacha. Mama yangu aliitwa Mama Kamau, kwa ajili ya kaka yangu. Majina mengine yalikuwa ya kanisani na ya kitambulisho. Mtoto kumuuliza mtu mzima jina lake ilikuwa ni kutafuta kofi.

Mama Wangeci hakuwa na mtoto. Alikuwa fundi wa cherehani, chumba cha pili kutoka kwenye mfereji tulikochota maji, na Wangeci ni mimi. Mama yangu alifua mashuka hospitalini, akitoka asubuhi ukungu bado umetanda, kwa hiyo tangu nikiwa wa kubebwa hadi darasa la sita nilishinda kwa jirani huyo. Watu wa ploti waliniona mgongoni mwake kila siku, wakampa jina langu. Alilipenda sana. Ukimwita, alikuwa ameshaitika kabla hujamaliza.

Bado naisikia harufu ya chumba kile: mafuta ya cherehani, kitambaa kipya, githeri ya mahindi na maharagwe ikitokota jikoni. Tulikuwa tukiruka blada, ile kamba ya mpira, uani mpaka miguu inakuwa myekundu kwa vumbi, kisha sauti yake inatufikia: "Wangeci! Kuja ukule, githeri inapoa!" Yeyote aliyekuwa karibu nami alikula pia, bila kuuliza. Watoto wa siku hizi ukiwaita mezani wanauliza kwanza kama kuna soseji. Marinda yangu ya shule yalikuwa na upindo mrefu kuliko ya wenzangu wote, maana alikata kitambaa akijua nitakua. Kila Januari aliufumua kidogo.

Baba alipopata kazi Sagana tulihama kwa lori la kuazima. Mama Wangeci alinishika mkono pale mlangoni.

"Utakuja unione?"

"Nitakuja likizo ya Agosti."

Sagana si mbali. Agosti ilikuja, ikaja nyingine, nikaenda shule ya bweni, nikaanza kuona haya kwamba nimelelewa kwenye ploti ya mbao. Hiyo ndiyo sababu sikwenda, na sina nyingine. Ninajuta.

Mwaka jana ndipo nilipokwenda. Ploti haipo. Kuna ghorofa tano, lango jeusi, na bawabu mwenye kitabu cha wageni. Pale palipokuwa na mfereji magari yameegeshwa.

"Unatafuta nani, madam?"

"Mama Wangeci. Aliishi hapa zamani. Fundi wa nguo."

"Jina yake kamili ni gani?"

Sikulijua. Nikampigia mama yangu simu kumuuliza.

"Si ni Mama Wangeci," akasema. "Mimi sikuwahi kumwita lingine."

Bawabu alikuwa bado ameshika kalamu. "Na wewe ni nani?"

"Wangeci."

Alinitazama kutoka juu hadi chini. "Ati unatafuta mama yako na hujui jina yake?"

Nilitaka kumwambia kwamba si mama yangu, nikashindwa.

Huwa nawacheka vijana wetu, wenye marafiki elfu moja kwenye simu na hawamjui anayeishi mlango wa pili. Sisi tulijua jirani anapika nini na anakohoa kwa nini. Lakini wao wakimpoteza mtu wanaandika jina lake na kumpata. Mimi nilikula kwa yule mama miaka kumi na miwili na sina pa kuanzia.

Bawabu alinihurumia. Alinisukumia kitabu nijaze, labda siku moja atatokea mtu anayemjua. Niliandika namba yangu ya simu. Kwenye nafasi ya mtu niliyekuja kumwona niliandika jina pekee nililokuwa nalo, na lilikuwa langu.