Fundi wa Taa za Mashua

Fundi wa umeme niliyemwita kutoka mji wa Hell-Ville aje kufunga taa kwenye mashua yangu alifanya kazi na skrubu midomoni, kwa hiyo ukimuuliza jambo alikujibu kwa mguno tu. Kila waya aliouunga aliuvuta kuona kama umeshika, kisha akaupapasa kwa kidole gumba kama mtu anayechagua kitambaa dukani. Mikono yake ilikuwa minene, lakini rangi ya mashua haikupata hata mkwaruzo.

Mama yangu, Kouraichia, alikuwa gatini akitutazama. Tangu mashua ya baba igongwe gizani na baba asirudi, hakuwahi kupanda chombo tena. Fundi hakuambiwa hayo na mtu. Aliona tu jinsi mama alivyosimama mbali na maji. Kazi ilipokwisha alitema skrubu kiganjani, akamwambia taratibu kwa Kikomoro, “Mama, njoo uwashe wewe. Mimi siondoki mpaka uzione zinawaka.” Akamnyooshea mkono. Mama alisita, akavua viatu, akashuka ndani ya mashua. Alibonyeza swichi, taa nyekundu na ya kijani zikawaka. Akazizima, akaziwasha tena. Kisha akaketi, akaniuliza kama mafuta yanatosha kufika kisiwani Sakatia kwa dada yake.