Kicheko cha Pande Mbili za Ukuta

Fundi makochi alifanya kazi kinywa kimejaa vimisumari. Ndivyo alivyofunzwa na baba yake: unavitia mdomoni, unavisukuma nje kwa ulimi kimoja kimoja, nyundo isingoje mkono. Kwa hiyo mengi ya maisha yake yalimpita akiwa hawezi kuyajibu. Mtaani walimwita Bubu wa Mchana.

Mkewe alishona vitambaa vya makochi hayo kwa cherehani, pale pale karakanani. Miaka yote walisikiliza redio moja, wakapenda nyimbo zile zile. Angalau mume aliamini hivyo. Kisha chumba cha pili, nyuma ya ukuta wa mbao, kikapangwa na fundi saa: mgane, shati limenyooka kwa pasi, vidole laini kama vya mtoto mchanga. Alikuja na santuri yake, na kila alasiri akawa anapiga jazi.

"Muziki gani huu?" fundi makochi aliuliza siku ya kwanza. "Kila mtu na lake, kama ndugu wanaogombea urithi."

"Lakini wanasikilizana," mkewe alisema. "Hebu tega sikio."

Akatega. Hakuambulia kitu ila saksafoni ikilia kama mbuzi aliyesahauliwa kambani. Tena muziki usio na maneno ulimtia shaka. Mtu asiyesema anachotaka, anaficha nini?

Siku zikapita, na mguu wa mkewe ukaanza kukanyaga cherehani kwa mwendo mwingine. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Yeye akachukua mabaki ya sponji akaziba kila ufa wa ule ukuta. Kesho yake akakuta yameng'olewa yote.

"Joto," mkewe alisema, bila kuinua macho.

Alasiri moja alikuwa akipigilia mahameli ya bluu kwenye kochi la mteja, santuri ikilia ng'ambo, mara mkewe akacheka. Papo hapo, nyuma ya ukuta, fundi saa naye akacheka.

"Umemsikia, shemeji?" fundi saa aliuliza.

"Nimemsikia, shemeji!"

Moyo wa fundi makochi ukafukuta. Shemeji! Angejibu, lakini mdomo ulikuwa na vimisumari. Akagonga nyundo kama anayeua nyoka.

Alipomaliza, mkewe akaja kutazama, akashika kiuno.

"Baba Pacha, hukupapasa?"

Manyoya ya mahameli hulala upande mmoja, na fundi hupapasa kwanza ayajue. Hakupapasa, akapigilia vipande viwili kinyume. Mgongo wa kochi ulikuwa bluu iliyokolea, kikalio bluu iliyopauka, utadhani limevalishwa nguo ya kuazima.

Akatema vimisumari kiganjani. "Mlicheka nini?"

"Nani?"

"Wewe na huyo! Mimi nimekaa hapa, mke wangu anacheka na ukuta."

Mkewe aliyapapasa mahameli. "Yule wa piano, humo santurini, alijifanya kapotea njia. Wenzake wakamngoja mlangoni, yeye akaingilia dirishani. Basi."

"Basi?"

"Basi."

Laiti angekiri wana jambo lao, angejua la kufanya: angeuvunja ule mlango. Sasa mtu wa dirishani utampiga vipi?

Akagonga ukuta. "Jirani! Irudishe hiyo."

"Ipi, kaka?" fundi saa aliuliza.

"Hiyo mliyoicheka!"

Wimbo ukaanza upya. Fundi makochi aliinama, amekunja uso kama anayetunga uzi sindanoni. Piano ikayumba, akaona ndiyo hii, akacheka kwa sauti. Alicheka peke yake. Ng'ambo fundi saa alinyamaza kwa adabu, na adabu ile ilimuuma kuliko dhihaka. Punde mahali penyewe pakafika. Alipaona usoni mwa mkewe: pembe ya mdomo ilipanda, akaiuma, akakimeza kicheko kizima kwa ajili yake.

"Cheka."

"Sicheki."

"Cheka bwana, nimekuona!"

Hakucheka. Wala fundi saa. Kimya alichokitamani muda wote huo ndicho hiki, na hakikukalika. Alianza kung'oa misumari ya kikalio, akaacha.

"Jirani," akaita, "rudisha tena. Na wewe, ikifika, nifinye."

Mkewe akasogeza kigoda, akakaa karibu naye. Ilipofika, akamfinya kwa hasira ya zile sponji zote.