Siku Nilipomwachia Mama Dieudonné Kwenye Mteremko

Nikifumba macho bado naiona siku ile, mwanangu, siku niliyomwachia mama wa watu ateremke mlima peke yake juu ya chukudu, kwa sababu mikono yangu yote miwili ilikuwa na kazi ya kumthibitishia mtoto wake kwamba Mungu yuko. Usicheke. Au cheka, haya, cheka umalize. Hata mimi nimecheka sana, ila nilichelewa kuanza.

Nakusimulia kwa sababu juzi nilikuona na simu yako, vidole vinakimbia, jasho linakutoka, unabishana na mtu usiyemjua anayesema imani yetu ni hadithi za watoto. Nikakuuliza, vipi huko? Ukaniambia, "Papa, nimemmaliza." Neno hilo lilinitisha. Kaa hapa basi.

Wakati huo nilikuwa kijana wa Murara, mtaa wa Goma, mwenye misuli na mdomo. Kazi yangu ilikuwa chukudu, ile baiskeli kubwa ya mbao isiyo na pedali wala injini. Nilipakia viazi na kabichi kule Kibumba, nikapiga goti moja juu ya ubao, nikateremka mpaka sokoni Birere, na breki yangu ilikuwa kipande cha tairi ninachokikanyaga kwa mguu. Jioni niliimba kwaya. Na baada ya semina moja ya siku tano kanisani nikawa, kwa maoni yangu mwenyewe, mwanazuoni. Mhubiri mgeni alituandikisha kwenye kaye, daftari dogo, maswali kumi ya wasioamini pamoja na majibu yake kumi. Kaye ile niliiweka kwenye mfuko wa shati, nikaanza kutafuta mpagani wa kujaribia majibu hayo.

Mpagani nilimpata nyumba ya pili. Jirani yetu alikuwa mwalimu wa kemia, mtu mwembamba, mpole, aliyekimbilia Goma kutoka Bunagana wakati wa uasi, pamoja na mama yake mzazi. Mama huyo nyonga ilikuwa imemwishia kwa safari hiyo ya miguu, hatua kumi hazimalizi. Mwalimu alisema waziwazi kwamba Mungu hayuko. Na jina lake sasa? Dieudonné. Kwa Kifaransa ni kusema, huyu tumepewa na Mungu. Mama yake alimwita kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, "Dieudonné! Dieudonné, leta maji!" Na mimi, upande wa pili wa ukuta wa mbao, nilikuwa naitikia, "Amina!"

Kila jioni tulibishana uani, majirani wamekaa kwenye madumu yao ya maji wanasikiliza. Aliniuliza, "Kama kila kitu kimeumbwa, Mungu aliumbwa na nani?" Nikafungua kaye, swali la kwanza: kinachohitaji muumba ni kile kilichoanza, na Mungu hakuanza. Akakuna kidevu, akasema jibu hilo si baya. Mimi nikainua mikono kama nimefunga goli.

Siku nyingine akasema, "Weye ni Mukristo kwa sababu ulizaliwa Murara. Ungezaliwa kwingine ungeabudu kingine." Hilo halikuwa kwenye kaye, ikabidi nijitungie. Nikamwambia, "Mwalimu, hata kuhesabu nilijifunzia Murara. Mbona mbili na mbili ni nne hata nikivuka mpaka niingie Gisenyi, Rwanda?" Alicheka mpaka akashika ubavu. Aliponieleza jinsi mlima wetu wa volkano unavyochemka kwa ndani, kwamba ni mawe yaliyoyeyuka, si hasira ya mtu, nilimjibu kwamba mimi najua chukudu yangu ni ya mti gani na ina misumari mingapi, lakini sijawahi kusema kwa hiyo fundi hayuko. Majibu mazuri hayo, mwanangu. Hata leo nayasimamia.

Lakini aliponiambia kwamba waasi walipora ng'ombe wa watu huku wakiimba mapambio, nilikataa katakata. Nikasema huo ni uongo wa maadui wa Injili. Na mimi mwenyewe niliwasikia wakiimba walipopita mtaani kwetu! Tena sauti ya pili walikuwa wanaikosea. Nilidanganya ili Mungu ashinde. Fikiria upumbavu huo.

Basi mlima ukapasuka. Saa za mchana anga ilikuwa imeshakuwa nyekundu upande wa kaskazini, na moto ulikuwa unateremka kuja mjini kwetu kama uji, bila haraka, ukila nyumba moja moja. Murara nzima ikatoka barabarani. Huyu na godoro kichwani, huyu na mbuzi begani. Jirani mmoja alibeba mlango tu. Nilipomuuliza akaniambia nyumba atajenga nyingine, mlango ule ni wa mbao ngumu.

Mwalimu alikuja kwangu amekauka mdomo. Alisema neno moja tu: "Mama." Nikatupa chini magunia yangu yote ya kabichi. Tukamketisha Mama Dieudonné juu ya chukudu amekumbatia sufuria yake, mgongo kwenye usukani, uso unatazama tulikotoka, kwa sababu alisema anataka kuona moto ukija asije akadanganywa. Kazi yetu ilikuwa moja: kumvusha mpaka aingie Gisenyi kabla moto haujakata barabara. Akibaki upande huu amekwisha. Mimi nilishika usukani, Mwalimu akashika nyuma, tukaanza kuteremka katikati ya umati.

Tulifika pale mteremko unapoanza kuwa mkali kuelekea Birere. Hapo Mwalimu akaniambia kwa sauti ndogo, "Fostini. Mutoto wa myaka tano anamukosea Mungu nini?"

Nilisimama. Swali la nne! Mateso! Lilikuwa swali nililoliweza kuliko yote, na katika jioni zote zile alikuwa hajaniuliza. Furaha ilinipanda, Mungu anisamehe. Moshi machoni, watu wanalia, na mimi nikautoa mkono wa kushoto kwenye usukani kutafuta kaye mfukoni. Nikautoa na wa kulia kufungua kurasa. "Mwalimu," nikasema, "majibu ni matatu."

"Matatu!" akasema. Naye akaachia ili anyooshee mlima vidole. "Hii! Nionyeshe, hii ni jibu namba ngapi!"

Mwanangu, chukudu haijui kusubiri. Iliondoka taratibu, bila kuaga. Halafu haikuwa taratibu tena. Na kwa kuwa Mama Dieudonné alikuwa ameketi kutazama nyuma, tulimwona uso wake wote akiwa anatuacha, macho yametoka, sufuria kifuani.

"Batoto! Mugombane, lakini munishike! Muniiiishike!"

Tukakimbia. Watu walikuwa wanaruka pembeni, mbuzi nao wanaruka. Mwalimu wa kemia, mtu ambaye Mungu kwake hayuko, alikuwa anapiga kelele, "Mungu wangu! Mungu wangu, mama yangu!" Na mimi mwimbaji wa kwaya nilikuwa napiga kelele neno moja la madereva wa chukudu ambalo sitalirudia hapa.

Aliyemwokoa ni Papa Ramazani, mfanyabiashara wa Birere, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka Maniema zamani. Alikuwa mbele ya duka lake anafunga magodoro ya kuuza ili akimbie nayo. Aliona mama anakuja kinyumenyume, akayatupa magodoro barabarani yote sita. Chukudu ikaingia humo, magurudumu yakaangalia juu, mama akaruka kidogo akatua katikati ya sponji. Sufuria ndiyo iliyoendelea na safari.

"Alhamdulillahi," akasema Papa Ramazani.

"Amina," ikasema sauti kutoka ndani ya magodoro.

Sasa sikiliza nilichofanya, maana kuachia chukudu ni ajali, lakini hili nililifanya kwa akili zangu. Nilifika pale ninahema, nikamshika Mwalimu bega, nikamwambia kwa furaha, "Umemwita Mungu! Mara mbili! Watu wote wamesikia!" Nikageuka kutafuta mashahidi. "Papa Ramazani, si umesikia?" Papa Ramazani alinitazama, akainama kukusanya magodoro yake.

Mwalimu alikuwa amepiga magoti, ameshika mguu wa mama yake uliokuwa unavimba, analia waziwazi.

"Fostini, inama," akasema Mama Dieudonné. Niliinama nikijua ni kofi. Alinishika sikio akalivuta mpaka karibu na mdomo wake, akasema polepole, "Huyo mutoto wa myaka tano jina lake ni Neema. Ni mutoto wa Dieudonné, mama yake alikufa akimuzaa. Homa ilimukamata tukiwa tunakimbia kutoka Bunagana. Huyu mwanangu aliomba siku tatu, magoti chini, ndani ya matope. Siku ya nne tukamuzika pembeni ya barabara, tukaendelea kutembea. Tangu pale haombi." Akalivuta sikio zaidi. "Lile swali hakukuuliza weye. Anamuuliza Mungu. Weye ulikuwa unajibu kama nani?"

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Jioni ngapi nilikaa na mtu yule, nikahesabu magoli, na sikuwahi hata mara moja kumuuliza Bunagana aliacha nini.

Tuliisimamisha chukudu, tukampandisha mama kwa nguvu maana alikuwa hataki, na safari hii tuliishika watu watatu, mimi na Mwalimu na Papa Ramazani, hakuna aliyefungua mdomo mpaka tumevuka. Upande wa pili tulikaa kwenye kiwanja cha shule siku kadhaa. Kaye yangu iliwashia makala, mkaa wa kupikia chai, ukurasa mmoja mmoja. Swali la nne lilichelewa kushika moto, lilikuwa limelowa jasho langu. Mwalimu aliniona nalipuliza, akatabasamu kidogo. Ndipo nikamwambia kwamba waasi ni kweli waliimba, na mimi niliwasikia. Akasema, "Najua. Uso wako ulikuwa unasema."

Tuliporudi, mawe yalikuwa bado ya moto chini ya ndara zetu, na nyumba zetu zote mbili zilikuwa zimefunikwa. Tukajenga upya juu yake, ubao kwa ubao, tukisaidiana. Mama Dieudonné alipona mguu kiasi chake, lakini chukudu yangu aliikataa kabisa. "Sipandi tena," alisema, "hata malaika akishika usukani." Basi kila Jumapili Mwalimu alimbeba mgongoni mpaka mlangoni pa kanisa, akamkabidhi kwa wamama, yeye akaketi nje kwenye jiwe jeusi kumngoja. Hakuwahi kuingia, na mimi sikuwahi kumwita.

Mvua ilipokuwa inanyesha, mama alikuwa anapaza sauti katikati ya mahubiri, "Dieudonné, utakufa na nimonia!" Mchungaji anakatizwa, Mwalimu anaingia anasimama karibu na mlango, analowesha sakafu. "Ni sababu ya mvua tu," ananiambia. Mvua ikikatika, anatoka.

Miaka ikapita hivyo, mpaka mama akafariki katika usingizi wake. Siku za kilio nilibeba maji, nikabeba makala, nikakaa karibu na Mwalimu kwenye mkeka. Sikumwambia yuko mahali pazuri. Naamini yuko mahali pazuri, lakini siku ile haikuwa zamu yangu kusema.

Jumapili iliyofuata nilikuwa nimesimama na kwaya mlangoni, ni mwezi wa saba, kiangazi, vumbi tupu. Nikamwona anakuja peke yake, mgongoni hana mtu, hajui mikono yake aiweke wapi. Akaketi kwenye jiwe lake. Niliacha mstari wa kwaya nikaketi naye. Wenzangu walianza wimbo bila mimi, na kwa kweli uliwashinda.

Mwalimu akasema, "Fostini, naona mvua itanyesha."

Nikaangalia juu. Hapakuwa na wingu hata moja mpaka Rwanda.

"Kweli, Mwalimu," nikasema. "Tena ni kubwa."

Tukaingia. Akaketi mahali pa mama yake, na niliimba siku ile machozi yananitoka bila kujizuia.

Usiniulize kama aliamini. Mimi sikumuuliza, na hata leo tukikutana tunasalimiana, tunaongea habari za magoti yetu yanayouma.

Kwa hiyo mwanangu, majibu jifunze, tena vizuri, maana maswali yao mengine ni ya akili na yanastahili jibu la akili. Wakikutajia maovu yetu ya kweli, kubali, usimlinde Mungu kwa uongo. Usilolijua, sema sijui. Mimi nimezeeka na bado sijui kwa nini Neema alikufa. Ninachojua ni kwamba Yesu tunayemwamini alifika msibani kwa rafiki yake akijua kabisa kwamba atamfufua, na bado alilia kwanza. Kama yeye hakuanza na hotuba, weye una haraka ya nini? Muulize mtu ametoka wapi na amemzika nani. Kisha, akikuomba jibu, umpe.

Njoo nikuwekee mkono kichwani. Mungu akupe ulimi usioona haya kumtaja, na masikio marefu kuliko ulimi huo. Akuletee marafiki wanaokukatalia usoni na bado wanakula nyumbani kwako. Na siku ya huzuni yako, wewe mwenyewe, akutumie mtu wa kuketi nawe kimya. Amina.