Vikapu vya Gathima

Warigia aliporudi Wamagana kusema amekuja nyumbani kufanya utafiti wa kompyuta, mama yake, Monicah, aliutazama mkoba wake, akatazama na nyuma ya mgongo wake, akauliza, "Na hiyo kompyuta iko wapi?"

"Iko Nairobi, maitu. Haibebeki. Inajaza chumba kizima."

"Ati umekuja kufanya kazi ya kompyuta mahali hakuna kompyuta." Monicah akashika kiuno. "Watoto ya wengine wanaleta mkate."

Mkate pia alikuwa ameuleta. Mama aliuchukua bila kupunguza lawama.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, na Warigia alikuwa ana ugonjwa mmoja ambao chuo kikuu hakikuutibu, kiliuchochea tu. Hakuweza kuona foleni akanyamaza. Kanisani, watu wakijipanga kupokea meza ya Bwana, yeye alikuwa akimnong'oneza jirani yake kwamba wangeingia kwa mlango wa kushoto na kutoka kwa wa kulia, kasisi angemaliza kabla chai ya kamati haijapoa. Walimwona hana heshima. Ukweli ni kwamba aliwahurumia wazee waliosimama.

Ugonjwa huo aliuokota kwenye kituo cha majani chai cha Gathima, pale chini ya shamba lao. Alipokuwa mdogo alikuwa akingoja hapo na mama yake, amelalia gunia, wakilisubiri lori la kiwanda. Majani mabichi hayana subira. Yakikaa yameshindiliwa kikapuni yanashika joto, yanageuka mekundu, na karani akitia mkono akaona yamechemka hayapimi. Warigia alimwona mama yake akimwaga kazi ya siku nzima kando ya barabara, kisha akikung'uta kikapu polepole, kama mtu anayekung'uta nguo ya mgeni aliyeondoka bila kuaga. Hakulia. Ingekuwa heri angelia.

Basi Warigia alipotakiwa chuoni kuchagua utafiti, wenzake walichagua mabenki na ndege. Yeye akachagua lori la majani.

Mpango wake ulikuwa rahisi kueleza. Kila kituo ni nukta. Kila barabara ni mstari unaounganisha nukta mbili, na kila mstari una uzito wake: umbali, mlima, tope. Kompyuta ikipewa nukta, mistari na urefu wa foleni katika kila kituo, inasema lori lianze wapi na liishie wapi ili majani yasimwagwe. Wiki nyingi alizunguka vituoni, saa ile ya chai ya saa nne, akipima foleni, kisha akapanda gari kwenda Nairobi kuilisha ile mashine. Karatasi ilizotapika, ndefu na zenye matundu pembeni, alizileta nyumbani kwa fahari. Monicah akazikagua, akatandikia kuku wanaotaga.

Mkuu wa majani kiwandani, Bwana Wamae, alikuwa mtu wa kutabasamu kwa meno ya chini tu. "Nakupa lori moja na dereva," alimwambia Warigia. "Ukiniharibia majani, urudi kwa hiyo mashine yako muoane."

Dereva alikuwa Kinoti, Mmeru mwenye kofia ya sufu, aliyemwita Warigia "daktari" tangu asubuhi ya kwanza kwa sababu, alisema, ni vizuri kuzoea mapema.

"Tunaanza wapi, daktari?"

"Gathima. Foleni yao ndiyo ndefu kuliko zote."

"Si Gathima ni kwenu?"

"Kompyuta haijui kwetu ni wapi, Kinoti."

"Watu wanajua," Kinoti akasema, akatia gia.

Walipofika Gathima, foleni ilikuwepo. Ilikuwa imezunguka banda, ikapita mlango wa karani, ikafika hadi ua wa kanisa. Foleni ya vikapu. Hapakuwa na binadamu hata mmoja. Katika kikapu cha tatu kuku alikuwa amejilalia.

Kinoti akazima injini. "Daktari, wateja wako ni wapole sana."

Warigia alishuka, akachungulia kikapu cha kwanza. Kitupu. Cha pili, kitupu. Kila mtu wa Gathima alijua kwamba asubuhi, ukienda kuchuma, unapitisha kikapu kimoja kituoni unakiweka kwenye mstari. Kikapu kinakushikia nafasi, na hakuna anayekiruka, hata adui yako. Yeye mwenyewe alikuwa ndiye anayetumwa kukiweka, akiwa bado hajaanza shule. Mgeni kutoka Kisumu angeona vikapu bila watu, angeshangaa, angechungulia. Wiki zote zile za kupima foleni Warigia hakuwa amechungulia hata mara moja, kwa maana machoni pake kikapu kilichosimama kwenye mstari kilikuwa ni mama wa mtu amesimama kwenye mstari.

"Panda! Twende Kagongo!" alimpigia Kinoti kelele.

Kagongo iko juu kabisa, imepakana na msitu. Huko hakuna anayeacha kikapu, kwa kuwa nyani wanavirarua. Foleni yao ilikuwa fupi, lakini kila aliyesimama alikuwa na majani mgongoni. Lori lilipomaliza kupanda, injini ikilia, karani wa huko alikuwa ameshatia mkono na kutikisa kichwa.

Mwanamke wa mbele, Wakonyo, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, alimsogelea Warigia akamwaga kikapu chake juu ya viatu vyake. Majani yalikuwa na joto kama mkate uliotoka jikoni.

"Msomi wa Monicah! Lori limeamkia kwa mama yako, sisi tumechemka!"

"Si hivyo, mama. Nimekosea."

"Umekosea ukielekea nyumbani. Kwa nini hukukosea ukija huku?"

Warigia akainama, akaanza kuyaokota majani yale.

Bwana Wamae alitabasamu kwa yale meno. Warigia akaomba siku moja tu zaidi. Akapewa, bila tabasamu.

Jioni ile, mama yake akichambua maharagwe, Warigia alikaa jikoni na viatu vyenye harufu ya majani.

"Kila mtu anajua kikapu si majani," Monicah alisema.

"Hata mimi najua, maitu."

"Sasa?"

"Sasa kikapu ni kitu gani?"

Monicah hakuinua macho. "Ni kuambia watu niko. Niko kule shambani, nakuja."

Chuoni walifundishwa kitu kinachoitwa kielekezi: kisanduku kidogo kisichobeba mzigo wowote, kimebeba tu habari za mahali mzigo ulipo. Alikuwa amekifanyia mtihani akaupita vizuri, wala haikumjia kwamba amekibeba kichwani tangu utotoni.

Alfajiri alipanda Kagongo kwa miguu, akamwuliza Wakonyo wao humaliza kuchuma saa ngapi. "Leo unauliza," Wakonyo alimwambia, lakini alimjibu. Akashuka kwa kila kituo, na Gathima akapita shamba kwa shamba, akimfuata mwenye kila kikapu. Kompyuta ilikuwa Nairobi, kwa hiyo alipanga hesabu mezani kwa maharagwe ya mama yake: harage kwa kituo, njiti kwa barabara.

"Hayo utarudisha kwa sufuria," Monicah alisema. Kisha akainama, akatazama njiti. "Na sisi tuko wapi?"

"Mwisho."

"Ati mimi niliyekuzaa unaniweka mkia?"

"Mnachuma mpaka alasiri. Lori likija mapema linawakuta hamjaja. Likichelewa kidogo tu..." Hakumalizia.

"Likichelewa kidogo tu nitamwaga," Monicah akamalizia. Akaokota harage moja lililoanguka, akalirudisha mahali pake mezani. "Haya. Weka."

Siku iliyofuata, jua lilikuwa limeinamia mgongo wa Nyandarua, na Warigia amesimama Gathima kando ya mama yake. Vikapu sasa vilikuwa vimejaa na kila kimoja kina mwenyewe.

"Monicah, msichana wako amekusahau!" mmoja alitania.

"Hajanisahau. Amenichelewesha makusudi," Monicah akajibu. "Ni tabia ya kwa baba yake."

Wanawake wakacheka. Warigia hakucheka. Alikuwa akitazama kona, na kila mara mama yake aliposogeza kikapu, moyo wake ulisogea.

Honi ikasikika kabla lori halijaonekana. Kinoti alitokeza kofia dirishani. "Daktari! Kagongo hawajamwaga hata jani! Wakonyo anasema viatu ulete avisafishe!"

Monicah hakutazama lori. Alimshika binti yake kifundo cha mkono, akauzamisha mkono ule kikapuni hadi kwenye kiwiko, chini kabisa, pale majani yanapoanza kuchemka. Akaushikilia hapo.

Yalikuwa baridi, na bado yana umande chini.

"Sawa," Monicah alisema, "sasa toa mkono, usiyashindilie."